Mtwesho

Mama huweka ndoo chini ya kiyoyozi
nyuma ya nyumba yetu ya Al-Khudh,
na yale yanayodondoka humo mchana kutwa
anayaita mtwesho.

Si maji. Ukisema maji anakusahihisha.
Maji ni ya bomba, ya kulipiwa bili.
Mtwesho ni wa bure, jasho la ukuta,
haunyweki, hautawadhiwi
(shehe gani kamwambia, sijui),
hupewa mrehani, na ule mlangilangi wa kwenye debe
ambao kila Juni tunauzika
na kila Oktoba unatuaibisha kwa jani moja.

Nikamwagizia kamusi, ile nene.
Binamu Ruqaiya akaibeba kutoka Darajani,
ikafika ina harufu ya dagaa.
Usiku huohuo nikautafuta.
Mtwana yumo. Neno hilo hawakulisahau.
Mtwango umo.
Halafu kidole changu kikateleza
kama mguu uliokosa ngazi.

"Basi tazama kukwerechuka," akasema,
anachambua tende, hakugeuka.

Kwani wiki iliyotangulia, hospitalini,
daktari wa Kerala aliuliza kwa Kiarabu panapomuuma.
Mama akajibu kwa lugha yake:
Haliumi. Goti linakwerechuka,
kama mlango wa stoo ya marehemu baba yenu,
haukatai kufunguka, ila unalalamika.
Kaka yangu Harith akatafsiri: Anaumwa.
Daktari akaandika.
Mlango mzima, na stoo, na marehemu,
vikabaki koridoni.

Kukwerechuka nako hakumo.
Nikafunga kitabu taratibu, asisikie.
Alisikia.

"Nani alikufundisha maneno haya, Mama?"

"Nani wa kunifundisha?
Nimefika hapa mwaka sabini na nne,
nikakuta kitu kinadondoka ukutani
na sina wa kumuuliza kinaitwaje.
Ningekiachaje hivihivi, bila jina,
na mimi nakaa nacho nyumba moja?"

Akarudi kwenye tende zake.
Mbovu kushoto, nzima kulia,
na chache katikati, ambazo nazo zina jina lao.
Sikuuliza.

Juzi Muadh, mwana wa Harith, miaka sita,
ambaye Kiswahili hukisikia kama redio ya jirani
na hukijibu kwa Kiarabu,
alikuta ndoo imefurika,
na ya pili, ya chumba cha wageni, imefurika.
Akakimbia uani anapiga kelele:
Matawish! Bibi, matawish!

Kalivunja neno, kaliunga upya,
kalipa wingi wa kwao
kana kwamba limezaliwa Nizwa.

Mama akainuka. Goti likakwerechuka.
Nikamngoja amsahihishe:
mitwesho, mwanangu, mi, mi.

Akamtazama mtoto, akaitazama ndoo,
akajifunga kanga kiunoni.
"Haya, shika huku," akasema.
"Tuyabebe, yasije yakamwagika."