Kibarua cha Jumamosi

Jumatatu hadi Ijumaa nachuna minofu ya sangara
kiwandani, mabuti meupe, vidole vya barafu.
Jumamosi namshikia utepe Bi Milembe,
dalali wa viwanja, Buswelu mpaka Kiseke:
elfu tano, chai,
na vitumbua viwili kama mteja amekohoa pesa.

Siku ya kwanza aliniuliza,
"Unataka hela au unataka kujua?"
Nikasema vyote.
Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.
"Basi beba rangi."

Nikabeba rangi. Nikabeba nyundo, bikoni za zege,
funguo thelathini kwenye kamba ya kiatu.
Nikafundishwa kwamba kiwanja husomwa kwa miguu:
nenda mwezi wa nne, mvua ikishapiga,
utazame maji yanapolala.
Nenda usiku, uhesabu madirisha yenye taa,
hao ndio wapangaji,
si wale anaowataja mwenye nyumba.
Nunua soda duka la jirani, uinywe polepole;
chupa haijaisha
utakuwa umejua nani kazikwa nyuma ya migomba
na ndugu yupi yuko Geita hajatia sahihi.

Jiwe nalo lina bei yake.
Mgeni akiliona huomba apunguziwe.
Milembe huninong'oneza, "Mwache aende.
Huo ni msingi, na hakuna aliyeulipia."

Jioni moja niligeuza daftari, nikapiga hesabu yangu mwenyewe.
Chumba kimoja Mabatini, elfu arobaini kwa mwezi,
miaka tisa.
Milioni nne, laki tatu na elfu ishirini.
Nimemwekea Magesa geti la chuma na choo cha vigae.
Mimi bado naoga nimechutama nyuma ya bati.

Jumamosi ya kumi na moja akasema,
"Leo tunapanda Mabatini."
Tukapanda ngazi za mawe, mimi mbele,
kila ngazi naijua kwa jina la nilipojikwaa.
Tukasimama kwa Magesa.
Sikusema kitu. Funguo ilikuwa mfukoni mwangu tangu zamani.

Mteja alitoka Kahama, viatu vyake vipya, pumzi imemwishia.
Milembe alifungua dirisha kabla ya kitu kingine chochote:
ziwa likaingia chumbani kwangu,
bei ikapanda.
Yule bwana akagusa kitanda changu, akagusa ukuta,
akaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika utepe,
"Haina tatizo?"

Milembe akawa anatafuta kitu ndani ya pochi.
Akatafuta sana.

"Nyuma ya kabati," nikasema.
"Machi iliyopita kidole kilipita."

Tulishuka wawili. Mteja alitangulia zamani,
vumbi la viatu vyake limeshatulia.
Kule chini, kwa wauza nyanya,
akanihesabia elfu tano yangu, noti chakavu,
vitumbua hakuna.
Nikasubiri kufukuzwa.

"Ungeniambia mimi kwanza," akasema,
"tungeinunua sisi."
Akafunga pochi, akavuka barabara.

Usiku nilisogeza kabati.
Nikawasha tochi ya simu, nikatia kidole kwenye ufa
kama nilivyofanya Machi, nikiogopa.
Mara hii nilikuwa nahesabu
mifuko ya saruji.