Gari la Kuzeeka Nalo

Kiinua mgongo kinatosha gari moja,
nami sina muda wa la pili.
Uani kwa Shekiondo, Barabara ya Kumi na Tatu,
Korola nyeupe inameremeta kama bwana harusi.
"Hii haijawahi kulalamika," asema.
Simwamini asiyelalamika.

Nyuma yake, Landrova ya shamba la mkonge.
Nafungua boneti: waya umefungwa kwa katani,
fundo la mkono wa kushoto,
la mtu aliyejua si yeye atakayelifungua.

Shekiondo ananionea huruma.
"Mlango wa dereva haufungi, mwalimu."

Nitaushika.
Toka hapa mpaka Duga, mpaka Pongwe,
mpaka siku mkono huu utakapochoka,
na hapo hapo tutaegesha.