Haijaharibika

Miaka ishirini na sita nililipwa kuonja bia
kiwandani, Moshi mjini: koti jeupe, glasi ndogo kama ya dawa,
kalamu imefungwa kamba shingoni isipotee.
Rangi. Povu. Harufu. Ladha ya mwisho.
Saa nne asubuhi naonja, natema,
naonja, natema.
Baada ya wiki ya kwanza hakuna aliyenionea wivu.

Sasa ni mstaafu. Sitemi tena.
Jumamosi napanda bodaboda ya Ombeni hadi Uru,
natembea kilabu kwa kilabu na daftari langu.
Kwa Aikande ulezi haukusagika,
chenga zinakaa menoni kama mchanga.
Kwa Kaanaeli msesewe umezidi,
uchungu unang'ang'ania ulimi
kama mdai aliyekataa kiti.
Kwa wale mapacha wa Kishumundu imelala siku moja zaidi,
inaelekea kuwa siki.
(Niliimaliza, lakini.)

Halafu kuna Ndeanasia.

Nyuma ya kihamba chake, chini ya bati lenye masizi,
pipa linachemka tangu alfajiri:
ndizi zilizoivia darini, maganda meusi,
tamu hadi nyuki wanagombana.
Ulezi anauotesha mwenyewe, anauanika mwenyewe,
kuku akiusogelea anatukanwa kwa jina lake.
Msesewe anaupima kwa kiganja,
na sijawahi kuona kiganja hicho kikikosea.

Anachota kwa kata, anakunywa yeye kwanza,
ndiyo adabu: mwenye pombe hutangulia,
mgeni ajue hamna kitu humo ila pombe.
Kisha ananipa, anasimama mkono kiunoni,
analitazama koo langu.

"Vipi?"
"Haijaharibika," nasema.

Miaka minane nilisema hivyo.
Nimelelewa na methali mimi:
mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Na ile mbege, Mungu wangu,
nzito, inashuka taratibu
kama mtu anayezijua ngazi za kwao gizani.
Utamu unafungua mlango, uchungu unaufunga,
na katikati hapo kuna kitu
ambacho fomu za kiwanda hazikuwa na kisanduku chake.

Mwezi wa saba, manyunyu na baridi ya kuuma masikio,
akaja mpwa wake kutoka Arusha.
Ana kiwanda kidogo huko Njiro, matangi manne
yanayong'aa kama masufuria ya harusi,
anapika bia yake mwenyewe, ya kahawa, ya asali.
Akaonja. Akafumba macho. Akasema maneno mengi.
Nami nikashikwa na wivu
wa mtu aliyetunza barua miaka minane
akasikia mwingine anaisoma kwa sauti.
Nikaweka kata chini.
"Ndeanasia, nimeonja maisha yangu yote.
Hii ndiyo."

Hakujibu. Alikwenda kufukuza kuku.

Wiki iliyofuata nikapanda na kiu yangu nzima.
Akachota, akatangulia, uso mkavu.
Nikanywa.
Maji.
Maji ya mfereji, yanayokumbuka ndizi kwa mbali.
Benchi lote kimya. Walijua. Hata Ombeni alijua,
alikuwa ameinama anafuta taa ya pikipiki isiyo na vumbi.

"Vipi?"
Nikalitafuta neno, nikapata lile lile bovu:
"Hai... haijaharibika."

Alicheka hadi akashika nguzo ya banda.
"Miaka minane, Sifaeli! Uliogopa nitatia maji?
Haya, nimetia. Deni la methali yako limelipwa."
Akafunua jani la mgomba kwenye ndoo ya pili,
akachota, akatangulia, akanipa.

"Nzuri," nikasema.
"Najua," akasema,
akamgeukia mteja mwingine.