Fundo

Saa kumi na moja Nyamizi anapuliza filimbi
kama mtu anayetudai.
Kipupwe cha Igombe kimelala nasi hemani,
kimeamka kabla yetu,
kimejaa ndani ya soksi.

Sisi ni Doria ya Nyuki.
Jana tuligombana na Doria ya Swala kwa ajili ya sufuria,
leo tunaazimana kiberiti.
Mwajabu wa Ng'ambo anawasha moto kwa kurasa za daftari,
hesabu za mwezi wa tano, alizokosa zote,
na uji unachemka juu ya sifuri zake.

Ukaguzi. Blanketi pembe nne, kucha, skafu,
kikombe kimeinamishwa.
Mwalimu Kapaya anapita na fimbo isiyompiga mtu,
anaonyeshea tu: hapa, na hapa.
Kwangu anasimama.
Siafu wameingia kwenye begi,
mstari mweusi kutoka kwenye nyasi hadi kwenye zipu,
wamefuata matobolwa aliyoyafunga bibi
kwenye kipande cha kanga,
nami nimeyaficha tangu Jumamosi,
sikumgawia mtu.

Doria nzima inapoteza alama tano.
Nyamizi hasemi kitu. Anatazama bendera.
Heri angesema.

Mimi ndiye ningekuwa kiongozi.
Kura tano kwa tatu.
Hao watatu nawajua, na mmoja wao ni mimi.

Jua likipanda, tunajifunza mafundo.
Kamba ya katani inachoma viganja,
vumbi la Tabora limetupaka wote rangi moja,
na Mwalimu anaimba kwa sauti mbovu:
kulia juu ya kushoto,
kushoto juu ya kulia.
La Kalunde limelala bapa, zuri kama usingizi.
Langu linateleza. Naongeza la pili, la tatu, la nne,
mpaka kamba imekuwa ngumi.
"Kufunga umeweza," anasema Mwalimu. "Haya, fungua."
Natumia kucha. Natumia meno.
Wenzangu wamekwenda kula maharage,
mimi natema nyuzi.

Zamu ya maji tumepangwa wawili, mimi na yeye.
Ndoo inaning'inia katikati ya mti,
ncha moja begani kwangu, nyingine kwake,
na njia kutoka bwawani ina mizizi ya miombo
inayonyanyua migongo kama watu waliolala vibaya.
Hatusemezani.
Yeye akitanguliza kulia, mimi nimetanguliza kushoto,
ndoo inayumba, inatumwagia wote,
maji baridi mpaka ndani ya viatu.
Tunarudi kuteka upya.
Safari ya pili naanza kuhesabu kimoyomoyo,
kisha nasikia naye anahesabu,
kisha inatoka kwa sauti: moja, mbili, moja, mbili.
Ndiyo maneno yetu ya kwanza tangu Jumamosi.
Ndoo imefika na robo tatu.

Usiku, lindo la saa nane.
Moto umebaki jicho moja.
Kule mjini treni inapiga honi,
ya Kigoma au ya Mwanza, hatujui,
Tabora zote zinapita.
Fisi anajibu, kana kwamba ameitwa yeye.
Nyamizi anasogea, goti lake linagusa langu,
halirudi.
"Sikuomba uongozi," anasema.
Najua. Nilimwona siku ile, akiangalia chini
jina lake likiandikwa ubaoni.
Najua, na bado.

Natoa kile kipande cha kanga.
Bibi naye hufunga kwa hasira,
nahangaika nalo gizani hadi Nyamizi anainama,
anashika upande wake wa fundo,
mimi wangu.

Anatafuna muda mrefu.
"Yana mchanga."
"Yana siafu pia."
Anacheka kwa kujiziba mdomo, tusiwaamshe Swala,
halafu anaomba jingine.

Kabla hakujapambazuka ananivisha ile kamba shingoni.
Leo puliza wewe, anasema, mimi nimechoka kuchukiwa.
Naiweka filimbi mdomoni.
Ina joto la mdomo wake,
na ladha ya viazi vya bibi yangu.