Fremu, Ubao, Maji

Kilianza na kitanda cha mninga, sita kwa sita,
tukikishusha mimi na Chambuso pale Keko.
Kiuno kikalia ka! kama kiungo kilichoachia gundi,
na sikunyooka tena hadi Jumanne.

Zena akasema: kapige picha.
Jirani akasema: kapige picha.
Hata mteja aliyekuja kudai kabati lake
alinitazama nilivyopinda, akasahau ugomvi:
picha, fundi, picha.

Daktari Nsiande hakuikimbilia picha.
Alinigonga goti kwa kinyundo cha mpira
(ninazo nyundo saba, hiyo sina),
akauinua mguu, akauliza
kama nyayo zimekufa ganzi,
kama haja ndogo naizuia au inajiendea.
Homa? Kukonda? Kuanguka?
Hapana, nikajibu, nikiona haya kidogo
kwa kukosa cha kumpa.
"Basi usilale kitandani. Tembea. Wiki sita.
Wengi hupoa kabla ya hapo."

Sikungoja. Wiki ya pili, kwa pesa yangu,
nikalala juu ya meza baridi huko Temeke.
"Vuta pumzi. Usipumue." Ikaisha kabla sijaogopa.
Eksirei ilinionyesha fremu:
pingili tano, zimepangana kama stuli dukani,
hakuna iliyovunjika.
Lakini nani amewahi kuuza kochi
kwa kukagua fremu peke yake?
Sponji haikuonekana. Wala kamba zake.

Chambuso anaijua nyingine, CT skani,
tangu alipodondoka toka paa la nyumba Mbagala.
Yeye hakuambiwa wiki sita.
Pete kubwa ilimmeza, ikamtema, dakika tano,
imemchana kama msumeno wa duara unavyochana gogo,
ubao kwa ubao, bila vumbi,
na ufa uliojificha kwenye mfupa
ukaanikwa mchana kweupe.

Wiki ya saba mguu wangu wa kushoto
ukaanza kuburuta kandambili.
Hapo daktari mwenyewe akaandika: MRI.

"Una chuma mwilini?" akauliza Lusajo, kijana wa mashine.
Nikacheka. Fundi wa Keko!
Ncha ya msumari imo kiganjani humu
tangu uanagenzi wangu.
Yeye hakucheka. Sumaku hii, alisema, haina utani.
Wakanipiga eksirei ya mkono kwanza:
hakuna msumari.
Ulitoka lini, sijui. Miaka yote ile
nimekuwa nikiutunza, nikiupapasa kila mvua ikinyesha,
nao haupo.

Kisha tundu. Nusu saa, usitikisike.
Gerezani nzima iligonga bati masikioni mwangu,
nami nikahesabu droo za kabati la yule mteja,
nikakosea, nikaanza upya.

"Mashine hii inasaka maji," alisema daktari,
na hapo ndipo nilipomwelewa vizuri,
kwa kuwa mbao zote ni habari ya maji.
Diski nne nyeupe, mbichi.
Ya tano nyeusi, imekauka,
imefura pembeni kama gundi unapokaza jiliwa,
tone moja tu limeulalia
mshipa wa fahamu uendao mguuni.

"Usiitishike sana hiyo nyeusi," akaongeza.
"Simama barabara ya Chang'ombe, uwapige picha
wanaume mia wa umri wako wasiougua chochote.
Utaziona nyingi. Mimi natibu mguu wako,
sitibu karatasi."

Nikawaza vitanda vyangu vyenye nyufa
ambavyo watu wamezalia watoto
bila kusikia hata mlio.

Jioni Zena akainua filamu dirishani,
mwanga ukapita katikati yangu.
Akaweka kidole. "Ndipo panapouma hapa?"

Nikatazama mahali pale, peusi, padogo kuliko kifungo.

"Hapo ndipo palipoonekana," nikamwambia.
"Panapouma, nipe mkono nikuonyeshe."