Marudio

Kengele ya shule yetu huku Chunya
ni kipande cha reli, urefu wa mkono,
kimening'inizwa kwa waya kwenye mninga.
Tusekile, zamu yake ikifika, hukigonga kwa nati ya lori,
na mbuzi wa Mwashitete huinua vichwa.

Reli ya wapi, nikamuuliza mwalimu wa zamu,
na garimoshi liko Mbeya, ng'ambo ya mlima?
Akafuta ubao. Kaulize mtaro, akasema.

Nikaufuata.
Si mtaro; umenyooka mno. Maji hayana rula.
Unalikata shamba la karanga la mama Sekela,
unapita nyuma ya choo cha zahanati,
unapanda polepole, kwa hesabu ya mtu
aliyeujua uzito wa toroli mgongoni mwa mwenzake,
hadi ukutani,
penye boliti nne zinazotazama juu,
hazijashika kitu.

Hapa palisagwa mawe.
Bibi husema kinu hakikulala,
na usiku kiliponyamaza
watoto wachanga wote waliamka wakalia.

Sasa yuko kijana na koleo, anajaza kiroba
mchanga uleule uliokwisha oshwa.
"Marudio haya," ananiambia bila kusimama.
"Wale wazee walikuwa na haraka."

Saa sita kengele ikalia.
Sikuisikia ikizunguka vichakani:
ilikuja na mtaro, moja kwa moja,
kama kitu kinachoijua njia,
ikapita kati yetu, ikagonga ukuta.
Kijana akageuka
kupisha.