Mpiga Mistari

Walikuja Jumanne, watatu, na tepu ya kupimia.
Mmoja akashika ncha kwenye kona ya kisima,
mwengine akenda nayo mpaka mlingotini,
wa tatu akaandika.
Akaniuliza: "Mzee, kiwanja hichi kina mteremko?"
Nikamwambia: weka mpira kati, utakujibu.
Akauweka. Ukamjibu.
Ulikwenda taratibu, kama mgeni aijuaye njia,
ukapita boksi, ukapita kona,
ukaingia muhogoni kwa Bi Mgeni Kombo,
pahala ambapo mipira yote ya Shengejuu inapafahamu kama kwao.

Mie ndiye mpiga mistari.
Miaka kumi na tisa, sina cheo,
nina kopo la maziwa lililotobolewa tundu saba
na majivu ya jikoni kwa mke wangu Bihindi.
Chokaa ni ya fainali.
Mechi nyengine zote huchezwa juu ya majivu ya mchuzi wa pweza,
na mvua ikishuka kipindi cha kwanza,
cha pili refa hupuliza filimbi kwa kumbukumbu.

Sasa pana fungu.
Sheha kalitaja Ijumaa, watu washatoka kusali,
tarakimu ndefu, akaisoma mara mbili,
ya pili polepole, kama mtu anayepima pishi za karafuu
asije akaibiwa na mdomo wake mwenyewe.
"Serikali imetoa."
Neno hilo lilikaa barazani siku nne,
kila apitaye akaketi nalo.

Vijana wakataka jukwaa.
Faki Shaame akataka taa, tucheze usiku kama Unguja.
Mwalimu Massoud akataka uzio.
Hapo wenye karafuu wakatazamana:
ukijengwa uzio, vuli tutaanika wapi?
Maana kiwanja chetu kina misimu miwili,
wa mpira na wa majamvi.
Nimeona nusu fainali ikiahirishwa kwa ajili ya makonyo.
Nimemwona beki akiruka jamvi zima asikanyage hata punje,
akafungwa bao,
na wenye mali wakampigia makofi.

Akasimama Time Hamad, nahodha wa netiboli.
(Wao huchezea nyuma ya skuli,
goli lao ringi ya baiskeli.)
Akasema: "Choo.
Choo na bomba, na mlango unaofungwa kwa ndani.
Sisi mechi yetu huanza kwa kubisha hodi majumbani mwa watu.
Hayo mengine mtayaongeza."
Akaketi.
Wawili walijaribu kucheka, hawakupata wa tatu.
Bwana wa tepu akaandika. Nilichungulia:
chini kabisa ya ukurasa, kwa kalamu iliyokuwa ikikata wino.

Vuli imekuja, imeondoka.
Limekuja lori moja la kifusi, likamwaga pale konani,
na bango limesimama, zuri, miguu ya chuma:
jina la mradi, jina la mkandarasi,
na tarehe ya kumaliza, ambayo tulishaipita tukiwa tunaanika.
Mpira ukiteremka sasa unagota kwenye kifusi.
Bi Mgeni anasema mwaka huu atavuna muhogo mzima,
na yeye serikali anaishukuru.

Nyuma ya bango wasichana wametundika kanga mbili.
Hapo ndipo wanapobadilisha nguo.
Upande wa mbele, fedha; upande wa nyuma, wao.

Jana nilipiga mistari.
Nilipofika kwenye kifusi nikakizunguka,
kona yetu sasa ina tumbo.
Majivu yakabaki kidogo koponi.
Nikaenda nyuma ya bango, nikachora chumba,
hatua tatu kwa mbili,
nikaacha uwazi wa mlango.
Time alikuwa anafunga kamba za viatu.
Akatazama, akatazama tena,
akainuka, akaweka kijiwe uwazini, upande wa ndani.
"Komeo," akasema.
Kisha akakimbilia mchezoni.